Wimbo umetoka jana, unaulizwa unauonaje: namna ya kujibu kwa mdomo wako mwenyewe

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Tandika, ina viti vinne, feni moja, televisheni ya ukutani na spika nyeusi iliyochanika mbele lakini bado inaunguruma. Rasta ndogo ndogo kichwa kizima ni kazi ya saa tano, sita, mara nyingine saba, kutegemea nywele zenyewe na kutegemea mteja analalamika mara ngapi. Muda wote huo mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio yamekaa bure. Msanii akiachia wimbo Ijumaa, ikifika Jumamosi jioni nimeshausikia mara kumi na kitu bila kuutafuta. Na kila ukipigwa, lazima mtu ageuze shingo (nimwambie atulie) aulize: "Anti, huu unauonaje?"

Swali hilo nimelijibu miaka yote hii, na kwa muda mrefu nimelijibu ovyo. Kilichonizindua ni aibu.

Kulikuwa na albamu ya msanii mmoja, simtaji, imetoka wiki hiyo. Asubuhi kwenye daladala redio inapiga kelele, mtangazaji anasema albamu nzima nyimbo zinafanana, "haina roho." Nikaipenda hiyo "haina roho." Nikashuka nayo Tandika kama nimeinunua. Mteja wa kwanza nikamwambia albamu haina roho, akatikisa kichwa kukubali. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa binti wa sekondari, kaja na mama yake kusuka twende kilioni za kurudi shule. Akauliza kwa adabu kabisa: "Dada, na ule wa tano je? Ule wenye kinanda peke yake?"

Wa tano sikuwa nimeusikia. Hata wa pili sikuwa nimeusikia. Nikasema, "Nao ni walewale." Yule mtoto hakubisha, akainamisha kichwa niendelee, ila kwenye kioo nilimwona anavyouma midomo asicheke mbele ya mama yake.

Usiku nikautafuta. Kinanda, sauti, basi. Niliurudia mara nne kabla ya kulala.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na kwa kuwa wateja wanauuliza, nauandika hapa jinsi ninavyoufanya.

Sikia mara tatu, sehemu tatu

Mara ya kwanza unaposikia wimbo unasikia mambo mawili tu: jina la aliyeimba na kama unafanana na kitu unachokijua. Ukifungua mdomo hapo, utazungumzia hayo mawili. Subiri.

Spika ya simu ni mwongo mkubwa. Haina besi. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva za miaka hii zimechukua mdundo wa amapiano kutoka Afrika Kusini, na amapiano mzigo wake wote uko chini, kwenye lile besi linalodunda kama mtu anagonga pipa tupu kwa ngumi. Ukisikiliza kwenye simu iliyolala mezani, besi lile halipo, unabaki na vitu vinavyochakacha juu na mtu anaimba. Halafu unasema "biti nyepesi." Biti si nyepesi, simu yako ndiyo nyepesi.

Kwa hiyo mara moja sikiliza kwa spika inayojiweza, hata ya jirani anayeuza CD na fleshi. Mara moja kwa spika za masikioni, umejilaza, hakuna anayekusemesha. Hapa ndipo utasikia maneno, na utasikia sauti za nyuma, zile za waitikiaji, ambazo kwenye nyimbo zetu mara nyingi ndizo zinazobeba kiitikio wakati mwenye wimbo anazungukazunguka. Na mara moja usikie pale wimbo unapoishi: kwenye bajaji, kwenye harusi, kwenye kitchen party akina mama wamesimama na kanga viunoni. Kuna nyimbo nilizidharau mpaka nilipoona ukumbi mzima unainuka.

Na usikie mwanzo mpaka mwisho. Nyimbo za sasa nyingi hazifiki hata dakika nne. Baba yangu alikuwa mtu wa dansi, wa bendi za Msondo na Sikinde, na wimbo wa dansi wa kipindi chake ungeweza kwenda dakika saba, nane. Mwimbaji anakumalizia hadithi yake taratibu, ndipo chemko, ile sehemu ya kasi, linaingia, magitaa yanaongea, na watu wanacheza sasa. Mzee alikuwa anasema anayeondoka kabla ya chemko amelipia kiingilio cha mlango tu. Wewe dakika tatu zinakushinda, unaruka kwenda kiitikio, halafu una maoni?

Taja ulichosikia kabla hujasema umependa

Mteja akikaa kwenye kiti akaniambia "nisuke vizuri," hajaniambia kitu. Akisema "njia ziwe za zigizaga, zianzie juu ya sikio, rasta zifike mgongoni, usikaze mbele nina kipanda uso," hapo tunaelewana. Maoni ni hivyohivyo. "Mzuri," "mbaya," "mkali," "wa kawaida," hayo ni "nisuke vizuri."

Mimi najilazimisha kutaja kwanza vitu viwili nilivyovisikia ambavyo hata asiyeupenda wimbo atakubali vipo. Kiitikio kimeingia mapema au kimecheleweshwa. Ubeti wa pili ni mpya au ni wa kwanza umebadilishwa shati. Vina vinakaa au vimelazimishwa. Kuna chombo gani ambacho sikukitegemea. Baada ya hapo ndipo nasema napenda au sipendi, na sababu inakuwa imeshajitokeza yenyewe.

Tuchukue Komasava wa Diamond Platnumz wa mwaka 2024, maana huo ulibishaniwa hapa dukani mpaka mtu akasahau draya kichwani. Upande mmoja wanasema: wimbo gani huu, mtu anasalimia tu! Na kweli anasalimia. Jina lenyewe ni salamu ya Kifaransa ya "habari gani" ilivyopita kwenye sikio la Mswahili, na ndani kuna salamu za lugha nyingine kadhaa. Mwenye kusema "hauna maneno" hajakosea alichosikia. Ila jiulize wimbo umetumwa wapi. Umetumwa mbali: kila mtu popote alipo akute mlango wake, asikie salamu yake au ya jirani yake, acheze. Wakaufanyia na remix yupo Jason Derulo wa Marekani, kwa hiyo safari yake ilijulikana. Ukiupima kwa kazi hiyo, umeifanya. Mimi msimamo wangu ni huu: nasimama kuucheza ukipigwa ukumbini, ila sijawahi kuuweka nikiwa peke yangu nakaanga vitunguu, kwa sababu mimi ni mtu wa mashairi, nikiwa peke yangu nataka kuambiwa kitu. Unaweza kunipinga, na utajua hasa unapinga nini.

Na ukisikia kolabo au remix, katafute wimbo wa kwanza kabla hujagawa sifa. Yope watu wengi huku Dar waliujua kwa remix ya 2019 yenye Diamond, wakadhani ni wake. Ni wa Innoss'B, kijana wa Goma, Kongo, na ule wa mwanzo ulikuwa umeshasimama wenyewe. Ukisikiliza miwili kwa kufuatana ndipo utajua mgeni ameongeza chumvi au amekuja kula.

Mpime kwa kipimo cha kwao

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, na mimi nitakaa hapa kidogo.

Mama mmoja, mteja wangu wa miaka, kila singeli ikipigwa anaziba masikio. "Makelele ya wahuni." Siku moja nimeshika kichwa chake, hawezi kwenda popote, nikamwambia mama, nisamehe, dakika mbili tu, usisikilize kinanda, msikilize yule anayechana, uniambie anavuta pumzi saa ngapi.

Akanyamaza. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyekaa haufiki nusu ya hapo. Juu ya mwendo huo kuna binadamu anapanga maneno yenye vina, anatania, anataja mitaa, anamjibu mtu aliyemsema wiki iliyopita, na hakosei. Mama akasema, "Mbona havuti?" Nikamwambia anavuta, ila ameificha kwenye neno. Akasikiliza tena. Hakuipenda, mpaka leo haipendi, lakini sasa akiingia singeli inapigwa husema, "Huyu leo pumzi fupi," au "Huyu anajua." Hayo ndiyo maoni. Zamani alikuwa na kero tu.

Singeli ilikulia uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro na shughuli za mtaani, imetoka kwenye ukoo wa mchiriku, ule muziki wa mtaani wa vinanda vidogo, na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa. Ukiipima kwa kipimo cha wimbo wa kubembeleza, itaanguka, kama ambavyo samaki ataanguka kwenye mashindano ya kupanda mnazi. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wetu wakaanza kualikwa kupiga Ulaya. Ghafla watu walewale waliosema uhuni wakasema "sanaa yetu." Nao pia wameazima mdomo, tofauti ni kwamba safari hii wameuazima mbali.

Kipimo cha kwao maana yake ujue kidogo ukoo wa kitu. Zuchu nasikia watu wakimbeza, "huyu anaimba kitaarabu." Mama yake ni Khadija Kopa, mwimbaji wa taarabu! Ulitaka aimbe kama nani? Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwa bibi aliyejua nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya kwetu, beti kwa beti, na ninapomsikiliza Zuchu nasikiliza anavyolivuta neno la mwisho wa mstari, anavyolikunja kidogo kabla ya kuliachia. Hicho ni kitu cha kurithi na cha kufanyia kazi. Kuna nyimbo zake ambapo biti imejaa sana na hakuna nafasi ya kukunja chochote, hizo siziwezi, na nikisema siziwezi nasema kwa sababu hiyo. Anayeona taarabu ni tusi, hoja yake si Zuchu, ni taarabu.

Kizazi cha kwanza cha waimbaji wa Bongo Fleva waliitwa wabana pua. Waliowaita hivyo walikuwa watu wa hip hop, na kwa kipimo cha hip hop walikuwa na haki. Leo wabana pua ndio wenye nyumba. Simaanishi mshindi ndiye mkweli, namaanisha waliwapima kwa rula ya mwenzao.

Timu zibaki uwanjani

Ukijitangaza timu, maoni yako yameshajulikana kabla wimbo haujatoka. Hata kama umesikiliza mara ishirini, hakuna atakayekuamini.

Watu wanadhani timu Kiba na timu Diamond ndiyo zilileta ushabiki huu. Jamani. Tanga nzima iliwahi kugawanyika kwa Black Star na Lucky Star. Dar ikagawanyika kwa Msondo na Sikinde, na miaka ya 1990 ndiyo usiseme: Khadija Kopa yuko kundi la TOT, Nasma Khamis yuko kundi la Muungano, mipasho ya taarabu inakwenda na kurudi, na akina mama wanakata tiketi kwenda kusikia nani amejibiwa nini. Ugomvi ulijaza kumbi. Waliokuwa wanapasuana jukwaani walijua wanachofanya; aliyenuniana na jirani yake miezi sita ni shabiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Wimbo mpya ukitoka na timu zimechachamaa, nenda kwenye kitu ambacho timu hazikijali: nani ametengeneza biti, nani kaandika, gitaa lile kapiga nani. Mazungumzo yanabadilika hapohapo, kwa sababu prodyuza yuleyule mara nyingi amefanya kazi na pande zote. Hapa saluni nina mchezo mwingine: nazima televisheni, napiga sauti tu, na nachagua wimbo wa albamu ambao haukufanyiwa video. Mara mbili nimewahi kumwona shabiki wa kufa anasifia wimbo wa adui yake mpaka kibwagizo cha pili. Alipogundua alitaka nimrudishie hela ya kuweka rasta.

Kiki, zile skendo za kutafuta jina, nayo ina dawa moja, nayo ni siku. Wamegombana, wameachana, wamerudiana, gauni limechanika, na katikati ya hayo kuna wimbo. Subiri wiki mbili. Habari ya gauni itakuwa imekufa, na wimbo ama bado unapigwa na bodaboda ama hakuna anayekumbuka unaanzaje. Na mtu akikuletea idadi ya waliotazama YouTube kama ushahidi, mshukuru, halafu mwombe akuimbie ubeti wa pili.

Filamu: sema uliiona ipi

Kwenye muziki wote tumesikia wimbo mmoja. Kwenye filamu hapana. Kabla hujabishana na mtu kuhusu filamu, ulizaneni mliona ipi na mliionea wapi.

Mimi filamu nilianzia kibanda umiza, kaka yangu ananiingiza kwa kunificha nyuma ya shati lake. Mabenchi, joto, na mkanda uliotafsiriwa na Lufufu. Wadogo hawamjui: Derek Mukandala, alikuwa anakaa na filamu ya Kichina au ya Kihindi na anaisimulia yote kwa Kiswahili, sauti zote yeye, na anaongeza ya kwake. Kenya wana DJ Afro, huyo mpaka leo watu wanatazama filamu kwa ajili yake na si kwa ajili ya mwigizaji. Nilikua nikidhani Wachina wote wanataniana kwa lafudhi ya Dar. Siku nilipoitazama moja ya zile filamu kwa sauti yake ya asili nilikuta kumbe ni ya huzuni! Nilikuwa nimecheka miaka kumi.

Filamu iliyotafsiriwa ni kazi ya watu wawili, na unaruhusiwa kumsifia msimulizi na kuiponda filamu, au kinyume chake, ila usizichanganye. Hali kadhalika tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili tunazotazama hapa jioni. Mteja anasema "yule dada anaigiza vibaya, sauti haina uchungu." Shoga, yule dada hajui hata neno moja la Kiswahili. Mwangalie macho, ndipo useme anaigizaje. Sauti ni ya Mtanzania mwenzako aliyesimama studioni na karatasi.

Kingine ni kujua filamu inahusu nini, na mara nyingi si kile kinachotajwa kwanza. Sinners ya Ryan Coogler ilipotoka 2025, wasichana wawili waliisimulia hapa kwa zamu. Wa kwanza: "Ni ya wanyonya damu, inachelewa kuanza." Wa pili: "Ni ya muziki." Nilidhani wameona filamu mbili. Nikaja kuitazama, na kweli wanyonya damu wapo, ni Mississippi ya mwaka 1932, Michael B. Jordan anaigiza mapacha waliorudi nyumbani kufungua ukumbi wa dansi. Lakini kuna mahali yule kijana mpiga gitaa anaimba bluzi, na ukumbini wanaanza kutokea watu wasio wa wakati ule: wapiga ngoma wa kale, mpiga gitaa la umeme, mtu wa santuri, wote wanacheza pamoja na wale wa mwaka 1932 bila kushtuka. Msichana wa kwanza muda huo alikuwa anasubiri damu, akaona filamu imepotea njia. Wa pili akaona ndipo ilipofika. Mimi niko na wa pili, na nikikueleza kwa nini nakueleza kipande hicho hicho, sikuelezi mwisho.

Mwisho usiueleze! Nina mteja nilimpoteza kwa hilo. Alikuwa amebakiza sehemu mbili za tamthilia, nikamwambia nani anakufa, nikijua ameshaona. Alilipa, akaaga vizuri, sijamwona tena. Sasa naanza kwa kuuliza umefika wapi.

Filamu zetu ndizo ngumu zaidi kusema ukweli, kwa sababu unataka zifanikiwe. Mimi nimekula sana Bongo Movie za kipindi cha mwigizaji Kanumba, zile za sehemu ya kwanza na ya pili kwenye diski mbili. Nilizipenda, na bado nasema: gari linapiga honi, mlinzi anatoka, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, na hakuna kilichotokea. Muda ule unalipwa na nani? Hiyo ni polepole ya kujaza diski. Halafu kuna polepole nyingine. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, nayo haina haraka. Kamera inakaa kwenye uso wa Yasmin, msichana wa hadithi hiyo, kwenye ukuta wa Mji Mkongwe, kwenye mwanga wa dirisha. Mtu akisema "inaboa" namwuliza inaboa wapi, aonyeshe. Akionyesha mahali, tunaongea. Binafsi naona picha ile inajua inachokitazama, ila Denge wa kitabuni, yule mpenzi wa Yasmin, alikuwa amenikaa kichwani kwa miaka, na wa kwenye filamu ilinichukua nusu saa kumkubali. Hilo ni tatizo langu, na ukisoma kitabu kwanza litakuwa lako pia.

Kusema sasa

Ukishakuwa na neno, angalia unayemwambia. Kwa mtu aliyeupenda wimbo, anza na kile mnachokubaliana, halafu mwonyeshe mahali ulipopotea: "Mimi alinipoteza alipoingia mgeni." Usiseme "wimbo mbaya," sema ni wapi. Kwa mtu mzima, shikamoo kwanza, na usimwambie muziki wa kipindi chake umepitwa. Mwombe akutajie wimbo mmoja, kausikilize, urudi. Nimepata nyimbo nyingi nzuri kwa njia hiyo, na wateja wawili wa kudumu. Na ukiwa umeshika kichwa cha mtu, usibishane wakati unapasua njia ya mbele. Mkono unaonyesha hasira, njia inapinda.

Ukibadilisha mawazo, sema umebadilisha. Yule binti wa kinanda peke yake alirudi likizo iliyofuata, safari hii anataka yebo yebo. Nikamwambia kabla hajakaa: ule wa tano nilikudanganya, sikuwa nimeusikia, na ndio mzuri kuliko yote. Akacheka safari hii waziwazi. Akasema, "Wa saba je?"

Jumamosi iliyopita msaidizi wangu anachambua rasta, mimi nimeanza kisogoni kwa dada mmoja wa benki, ukaingia wimbo mpya kabisa, umetoka usiku wake. Akauliza, "Anti, unauonaje?" Nikamwambia nimeusikia mara moja tu, tena kwa spika hii iliyochanika. Uniulize nikifika kwenye paji.